Bingwa wa Kwenye Kioo

Mwanamke wa kuniangusha mimi hajazaliwa.

Maneno hayo niliyatamka kwa mdomo wangu huu huu, nimesimama mbele ya kioo cha saluni, mashine ya kunyolea mkononi, kifua kimetangulia. Wateja wakacheka. Mmoja akapiga makofi, na makofi ya mteja mimi huwa yananiharibia akili.

Kesho yake alfajiri nilikuwa chali sakafuni, natazama mabati. Juu yangu amesimama mwanamke mfupi mwenye raba za kijani.

"Inuka," akasema. "Magodoro yako karakana ya mbele. Huku nyuma hatulali."

Kumbe alishazaliwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana najua wapo waliochukua gazeti la wiki jana lenye kisa changu wakafutia vioo. Mimi ni kinyozi. Mchumba wangu ni fundi cherehani, duka lake linatazamana na saluni yangu. Baba yake alikuwa mwamuzi wa ngumi enzi zake, na mtaa mzima unamwita Mzee Refa. Mpaka leo ukichelewa kumjibu swali anakuinulia vidole na kukuhesabia kama bondia aliyeanguka. Akifika kumi umeshindwa, na swali halirudiwi.

Wiki jana alikuja kunyoa ndevu. Nikataka kumfurahisha mkwe. Nikamwambia na mimi nilipigana ulingoni nilipokuwa shule, na kwamba sijawahi kupoteza pambano hata moja.

Hilo la pili ni kweli tupu. Mtu ambaye hajawahi kupigana atapotezaje?

Mzee alifurahi mpaka povu la sabuni likamwingia puani. Papo hapo akaamua: Jumamosi ukumbi wa klabu ya ngumi unafunguliwa upya, kutakuwa na mapambano ya kirafiki, nami nitacheza raundi tatu na mwanawe, yaani shemeji yangu mtarajiwa. Shemeji ni fundi mwashi na anaitwa Tofali. Msidhani jina limetokana na kazi. Jina lilianza, kazi ikafuata.

Mzee akaondoka na kidevu laini. Mimi nikabaki na pambano.

Jioni ile ile mchumba wangu akavuka barabara, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Baba kapita dukani anaimba," akasema. "Eti nikushonee bukta ya kupigania. Ulikuwa bondia na hukuniambia?"

"Sipendi kujisifu."

"Wewe? Wewe unajisifu hata ukipiga chafya!"

Akanizungushia futi kiunoni. Halafu akaiacha pale pale, akaniangalia.

"Niambie ukweli, ni mimi na wewe tu. Ulipigana kweli?"

Hapo, msomaji wangu, ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa wazi. Nikauona. Nikaupita.

"Unaniona mimi mtu wa kumdanganya mzazi?"

"Haya. Maana baba unamjua. Yule bwana wa kwanza aliyekuja kunichumbia alisema ana gari. Baba hakuwa na shida na mtu asiye na gari. Shida yake ilikuwa gari la uongo. Alimhesabia pale pale sebuleni mpaka kumi, akamfungulia mlango." Akakunja futi yake taratibu. "Siku ile mimi sikulia. Safari hii nitalia."

Akavuka barabara kurudi kwenye cherehani yake. Mimi nikageukia kioo. Yule jamaa wa kwenye kioo naye alikuwa amekunja ngumi, hajui aziweke wapi.

Basi ndiyo nikatafuta kocha. Mteja mmoja akaninong'oneza habari za mama anayefundisha ngumi, mtu mmoja mmoja, kwenye chumba cha nyuma ya karakana ya magodoro. Jina lake Kiroboto, kwa sababu hajawahi kuonekana amesimama mahali pamoja. Nilipompigia simu tukakubaliana: yeye anifundishe, mimi nimnyoe mumewe. Ndiyo nikajigamba pale saluni kwamba naenda kunyoosha viungo kwa mwanamke mmoja hivi, na mwanamke wa kuniangusha hajazaliwa.

Alfajiri nikaingia nimevaa sweta lenye kofia, nimeivuta mpaka kwenye nyusi nisijulikane. Chumba kimejaa vumbi la sponji, gunia la ngumi limening'inizwa kwa mnyororo, kamba za kuruka ziko ukutani. Upande wa pili kuna kundi la akina bibi wamepanga magodoro mabovu ukutani, wanayatwanga kwa zamu. Wamevaa barakoa kwa ajili ya lile vumbi. Mmoja, mdogo wa umbo kuliko wote, kofia ya sufu mpaka masikioni, alikuwa analionea godoro lake kana kwamba linamdai.

"Hao wana mazoezi ya viungo," Kiroboto akasema. "Usiwatazame, watazame ngumi zako. Umewahi kucheza?"

"Msingi ninao, Kocha. Wewe nipe zile za juu juu."

"Haya. Nisukume."

Nikamsukuma. Mengine mnayajua, nilikuwa nahesabu mabati.

"Miguu yako imesimama kama ya mtu anayengoja kupigwa picha," akasema akinivuta mkono. "Tuanze na miguu. Simama mbele yangu. Ninachofanya mimi, fanya na wewe."

Akasimama tukitazamana. Akatanguliza mguu, akainua mkono wa mbele usawa wa jicho, wa nyuma akaubandika shavuni. Nami nikafanya vile vile.

"Aa!" akasema. "Kumbe wewe ni wa kushoto."

Sikujua maana yake. Nikadhani ni sifa.

"Tangu zamani," nikajibu.

"Safi. Watu wa kushoto wanasumbua sana ulingoni."

Nikafurahi. Somo la kwanza tu na tayari nasumbua.

Wiki ile nilijua mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Kwamba ngumi haitoki begani, inaanzia kwenye kidole gumba cha mguu, inapanda, inazunguka kiunoni, mkono ni wa kuifikisha tu. Kwamba kidevu kinafichwa kama chumvi kwenye nyumba yenye majirani wengi. Kwamba kila ukipiga unatoa pumzi kwa nguvu, na ukiibana utazimia kwa ngumi zako mwenyewe. Kwamba kuruka kamba, mchezo niliowaona watoto wakiucheza huku wanaimba, ni adhabu iliyobuniwa na mtu asiyenipenda.

"Juu ya vidole!" Kiroboto anapiga kelele. "Unatua kama gunia la saruji! Ghorofa ya chini wanadhani kuna tetemeko!"

"Kocha, hii ndiyo ghorofa ya chini."

"Basi jionee mwenyewe."

Akina bibi wanacheka. Yule wa kofia ya sufu anacheka mpaka anashikilia godoro.

Lakini aibu yenyewe ilikuwa nyingine. Mimi kazi yangu ni kunyoa. Nikishapitisha mashine upande mmoja, mwili wenyewe unarudi nyuma hatua moja, kichwa kinalala upande, jicho moja linafumba, naangalia kama pande mbili zinalingana. Wala sifikirii. Sasa nikalipiga gunia ngumi moja nzuri, yenye mlio. Nikarudi nyuma. Nikalaza kichwa. Nikafumba jicho.

Kiroboto akaacha kurukaruka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Wewe. Unamnyoa au unampiga?"

Akina bibi wakapasuka. Tangu siku hiyo ukawa wimbo wa pale. Nikipiga, nikirudi nyuma, kabla Kocha hajafungua mdomo, safu yote ya magodoro inaimba: "Unamnyoa au unampiga?" Na sauti inayotangulia ni ya yule wa kofia ya sufu.

"Ukiangalia kazi yako mbele ya mpinzani," Kiroboto akaniambia, "na yeye ataangalia ya kwake kwenye uso wako. Piga, rudisha mkono usoni, ondoka. Uzuri wa ngumi ataujua aliyeipokea."

Nikaitikia. Kichwa kikaelewa. Shingo ikakataa.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, Kiroboto akamleta mumewe saluni, deni lake la kunyolewa. Nikamfunga kitambaa, nikawasha mashine, nikaanza. Kocha amekaa kwenye benchi anapekua simu. Mara nikaona kwenye kioo amenyanyua uso.

"Mbona unatumia mkono wa kulia?"

"Ndio mkono wangu, Kocha."

"Unaandika na upi?"

"Wa kulia."

"Unakula na upi?"

"Wa kulia. Kuna nini?"

Akasimama. Mumewe akajikunyata kwenye kitambaa, bila shaka anaijua ile namna ya kusimama.

"Wiki nzima unapigana kinyume! Mguu wa kulia mbele ni wa watu wa kushoto!"

"Si ulisema nifanye unachofanya wewe?"

"Mimi nilitanguliza wa kushoto!"

"Na mimi nikatanguliza ule uliotazamana nao!"

Tukaangaliana kwenye kioo. Hapo ndipo tulipoelewa wote wawili. Miaka yote mimi watu nawatazama kwenye kioo. Mteja akigusa shavu lake kule, mkono wangu unakwenda kule kule bila kuniuliza. Kiroboto aliposimama mbele yangu, mimi sikuona kocha. Niliona kioo kimevaa raba.

"Mungu wangu," akasema, akakaa. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka mumewe naye akaanza, na mashine ikamchimba njia utosini. Nikalazimika kumnyoa kipara. Hakukasirika, alisema kinampendeza.

Siku zilizobaki tukajaribu kunigeuza. Ikawa balaa. Miguu yangu ikawa kama watu wawili wanaokutana mlangoni: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Jioni ya mwisho Kiroboto akanivua glovu mwenyewe.

"Nisikilize. Kesho chagua upande mmoja, wowote, ubaki nao. Usichanganye tu. Na Kocha wako ni nani?"

"Wewe."

"Watu wakikuuliza?"

"Sina kocha. Kocha, tafadhali, kesho usije."

Akatundika glovu ukutani. "Wewe hutapigwa na ngumi," akasema. "Utapigwa na huo mdomo."

Jumamosi ukumbi unanuka rangi mpya. Ulingo umesimikwa katikati, kamba zake bado zinang'aa. Mzee Refa kavaa shati jeupe na tai ya kipepeo, yeye mwenyewe ndiye mwamuzi. Mimi nimevaa bukta ya satini ya rangi ya dhahabu, imeshonwa na mikono ninayoipenda, nimependeza kiasi kwamba nilitamani pambano lenyewe lifutwe tubaki kupiga picha.

Kwenye viti vya mbele vijana wawili walikuwa wanamkalisha Bibi, mama mzazi wa Mzee Refa. Mimi Bibi nilikuwa nimewahi kumsalimu mara moja tu, amelala kwenye kochi, shuka mpaka kidevuni, analalamikia magoti.

"Maskini Bibi," mchumba wangu akaninong'oneza. "Kila alfajiri jirani yake anampeleka kliniki ya magoti. Ngazi mbili hizi kapandishwa na watu wawili. Lakini kagoma kubaki nyumbani."

Nikaenda nikainama. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu," akasema, fimbo kaibana kati ya miguu. "Usiniharibie huo uso. Nyumba nzima hii mimi ndiye niliyekupitisha kwa ajili ya uso."

Watu wakacheka. Mimi pia. Ile sauti ikanigusa mahali fulani sikioni, lakini kengele ikalia, na Tofali alikuwa anakuja.

Nikachagua kile nilichokizoea. Mguu wa kulia mbele.

Msomaji, Kiroboto hakunidanganya. Tofali alitupa ngumi yake ya kwanza mahali ambapo kichwa cha mtu wa kawaida kingekuwepo. Mimi sikuwepo. Akatupa ya pili, akaufuata upepo mpaka kwenye kamba. Nikamgusa shavuni na mkono wa mbele, nikaondoka juu ya vidole vyangu. Nikamgusa tena. Ukumbi ukaanza kupiga miguu chini.

"Simama unyolewe, Tofali!" mtu akapiga kelele.

Raundi ya pili akanipata. Sikuiona ilikotoka. Niliona tu taa za ukumbi zinasogea, na nilipotua, miguu ilikuwa imejibadilisha yenyewe: wa kushoto mbele, ule upande wa pili, ule wa balaa. Nikasema basi, kwisha habari. Lakini Tofali alikuwa ndiyo kwanza amenizoea kule nilikotoka. Akaja kichwa kichwa kunitafuta, akaikuta ngumi yangu ya kulia imenyooka tu kwa woga. Puani.

Akakaa chini. Shemeji yangu, Tofali, akakaa chini kwa makalio yake mwenyewe!

Baba yake akamhesabia mpaka nane, Tofali akasimama, anacheka na yeye. "Shemeji, hii umeitoa wapi?"

Kengele. Mzee Refa akanifuata kwenye kona yangu, macho yanang'aa.

"Kumbe unacheza pande zote mbili! Mabondia wa hivyo mimi nimeona wawili maisha yangu yote. Nani alikufundisha?"

Na mdomo wangu, ule ule, ukafunguka.

"Hakuna, mzee. Ni kipaji tu."

Mchumba wangu akaniinulia chupa ya maji. "Nilikutilia shaka," akasema polepole. "Nisamehe."

Nikamrudishia chupa bila kunywa.

Nikataka kumwambia. Naapa nilitaka. Lakini baba yake alikuwa ameshasimama katikati ya ulingo, mikono juu, anaunyamazisha ukumbi.

"Jamani! Kijana huyu hakufundishwa na mtu! Aliniambia mwenyewe, na mimi leo nimeona kwa macho yangu. Raundi hii ikiisha tu, nina tangazo kuhusu binti yangu. Msitawanyike!"

Vigelegele. Mchumba wangu akajifunika uso kwa futi ya kupimia, kumbe alikuja nayo mpaka ukumbini. Kengele ikalia.

Raundi ya mwisho wote wawili tulikuwa tumechoka. Tofali mikono imeshuka, puani kajaza pamba. Dakika moja tu ya kuzungukazunguka, nikajisemea, halafu harusi. Akaniachia nafasi ndogo, na mimi nikaitumia: ngumi kutoka kidole gumba, ikapanda, ikazunguka kiunoni, ikatua shavuni kwake na mlio mtamu. Ngumi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Nikarudi nyuma hatua moja. Nikalaza kichwa. Nikafumba jicho.

"Unamnyoa au unampiga?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi tu sikucheka. Mimi nilipigwa na baridi kuanzia kisigino, kwa sababu maneno yale yanajulikana mahali pamoja tu duniani, na ile sauti naijua, huwa inatangulia wenzake.

Nikageuka.

Bibi alikuwa amesimama juu ya kiti. Fimbo iko chini. Mguu wa kushoto mbele, ngumi mbili kidevuni, anadunda juu ya vidole vyake, mwepesi kama mpira.

"Rudisha mkono usoni!" akapiga kelele. "Mguu wa kushoto mbele, mume wangu! Kama tulivyofundishwa!"

Kicheko kikakatika kama mtu kazima redio.

Tofali akashusha glovu. "Bibi," akasema. "Na magoti?"

Bibi akainama akatazama miguu yake, akaishangaa, kana kwamba kuna mtu kamwazima. Kisha akaanza kushuka kwenye kiti polepole, anashika kiuno, anaguna kidogo. Amechelewa.

Mzee Refa akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akamtazama tena mama yake.

"Mama. Umesema tulivyofundishwa. Wewe na nani?"

Bibi akaniangalia. Nami nikamwangalia Bibi. Akanikonyeza, na mpaka leo sijui lile konyezo lilikuwa la kusema au la kunyamaza. Pembeni ya ulingo mchumba wangu ameshika chupa ya maji kwa mikono miwili. Hamtazami Bibi. Ananitazama mimi, na kidevu chake kimeanza kutetemeka.

Baba yake akageuka, akanielekea, akainua mkono mbele ya uso wangu. Kidole cha kwanza kikasimama.

"Moja," akasema.

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, haukutoa kitu.

"Mbili."